Siku Shangazi Alipowapeleka Zahanati

Waandishi wa programu wa ofisi ile walimwita Shangazi, ingawa hakuwa ndugu wa yeyote. Alianza kama mpiga chapa, akajifunza programu mwenyewe kwa ukaidi tu, mpaka akawa mkuu wa kikosi. Mwaka huo watu watatu waliacha kazi, wakabaki watano. Sasa Bubu, fundi wake hodari, naye akaleta barua: Ijumaa ndiyo mwisho wake. Mkurugenzi akasema wazi kwamba Bubu akiondoka, kikosi kinavunjwa.

Si kwamba wakubwa hawakuwabembeleza. Walinunua viti vinavyozunguka, wakaleta mashine ya kahawa, wakapaka kuta rangi ya chungwa. Chungwa, jamani! Watu wakanywa kahawa, wakazunguka kwenye viti, wakaendelea kuandika barua za kuacha kazi.

Shangazi akamwuliza Bubu kinachomkera. Bubu, ambaye maneno yake ni ya kuhesabu, akajibu kwamba miaka minne anaandika programu ya zahanati na hajawahi kumwona hata mtu mmoja anayeitumia. Jibu lile lilimchoma Shangazi, maana hata yeye hakuwahi.

Jumatano asubuhi akawachukua wote watano hadi zahanati moja inayotumia programu yao, wakaketi nyuma ya nesi wa mapokezi. Akaja mama na kichanga cha siku mbili. Nesi akaandika umri: mwaka mmoja. Bubu akashtuka, akauliza mbona anamzeesha mtoto. Nesi akaeleza, bila hasira, kwamba mashine haikubali umri chini ya mwaka, kwa hiyo ule wa kweli huuandika kwenye daftari. Alishajaza madaftari tisa.

Bubu alitamani ardhi ipasuke immeze. Sharti lile aliliweka yeye mwenyewe! Akafungua kompyuta palepale magotini, akalifuta, na mama akiwa bado kwenye benchi, akamwomba nesi ajaribu tena. Nesi akaandika siku mbili. Mashine ikakubali. Nesi akaruka kutoka kitini, akamkumbatia Bubu mbele ya foleni nzima, na wagonjwa wakapiga makofi bila kujua sababu.

Njiani kurudi Bubu aliongea mpaka wenzake wakamwomba apumzike. Mlangoni akamsimamisha mkuu wake.

"Shangazi, siendi popote. Ila nisikae tena miaka minne bila kumwona yule nesi."

Shangazi akapanda ngazi mbili mbili hadi kwa mkurugenzi, akadai siku moja ya zahanati kila mwezi. Mkurugenzi akauliza siku hizo zitafidiwa vipi.

"Hazifidiwi. Leo watu wangu wameonja utamu wa kazi yao, na mimi siwanyang'anyi."

Akatoka na saini, akicheka peke yake koridoni.