Amenisamehe kwa Picha ya Dada Yake, na Kosa Halikuwa Langu

Asalaam aleikum, na wasio Waislamu hamjambo. Admin, jina langu lifiche, na hawa nitakaowataja nimewabadilisha majina. Mimi ni mama wa miaka sabini na tatu, mjane, naishi Ujiji nilikozaliwa. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie.

Nilipokuwa binti, miaka ile watu wa vijijini walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, baba yangu mdogo alikuwa na studio ya picha hapa Ujiji. Alinifundisha kupiga na kusafisha picha, na macho yake yalipoanza kuchoka akaniachia kamera. Rafiki yangu wa kufa na kuzikana alikuwa Zabibu. Kaka yake, Idrisa, alikuwa mchumba wangu. Mahari ilishapokelewa, tulikuwa tunangoja mfungo uishe tufunge ndoa.

Zabibu naye alikuwa ameposwa na mfanyabiashara wa dagaa, mtu mzima mwenye wake wawili. Hakuulizwa. Siku moja nilikuwa nampamba pale studio nimpige picha ya ukumbusho. Nilikuwa nimempaka upande mmoja tu wa uso, poda, wanja na rangi ya mdomo, akajitazama kwenye kioo, akaniambia niishie hapo hapo nipige. Nusu bibi harusi, nusu Zabibu wa kila siku.

Picha ya kwanza haikuwa nzuri. Tulikuwa na mwenzetu Deo, kijana wa familia iliyotoka Kongo, mchora mabango, mtu asiyejua kumung'unya maneno. Alisema mstari umepinda puani kama njia ya mbuzi. Tena mwanga umelala sawa pande zote mbili, ndiyo maana ile nusu isiyopakwa inaonekana kama nimesahau kuimaliza. Niliumia, lakini nikaona ni kweli. Tukarudia. Deo akachora mstari mwenyewe kwa wanja, kutoka kwenye paji hadi kidevuni. Mimi nikamgeuza Zabibu ili mwanga wa dirisha uangukie upande wa rangi na ule mwingine uingie kivuli kidogo. Nywele za upande mmoja nikazifunika ushungi, za upande wa pili nikaziacha na mabutu yake. Ikawa afadhali, ila bado kuna kitu kilikuwa kinatukataa.

Aliyekiona ni Idrisa. Alipita kunisalimia, akaishika ile picha, akaitazama kwa muda. "Mbona nusu zote mbili zinacheka?" akasema. "Dada yangu akiwa peke yake hachekagi hivi."

Zabibu alikuwepo, akasikia. Tulipopiga tena, hakucheka kabisa. Niliitoa picha kwenye maji kule chumba cha giza, nikaisogeza karibu na taa. Upande wa rangi ulikuwa mzuri wa kuvutia, na upande wa pili ulikuwa unakutazama kama mtu anayeomba afunguliwe mlango. Wote wanne tulikubaliana ibaki ndani, asiione mtu.

Kesho yake Zabibu akarudi peke yake, akaniomba niiweke kwenye dirisha la studio. Nilikataa. Akanishika mikono.

"Ndugu za yule bwana aliyeniposa wanapita hapa wakienda sokoni. Wakiiona hawatanitaka tena. Nyumba ile mimi siingii. Na usimwambie mtu kama ni mimi nimekutuma, hata kaka. Niapie."

Nikaapa. Nilimpenda, na nilijua kwao wangemfanya nini wakijua.

Ndugu za yule bwana waliiona. Wakasema binti anaifanyia ndoa mzaha. Na nyakati zile rangi ya mdomo hadharani lilikuwa jambo kubwa, mpaka vijana wa chama walikuja kumwamuru baba mdogo aitoe. Posa ikavunjika. Mama yake Zabibu alinifuata studio akaniambia nimemuuza mwanawe dirishani. Idrisa aliniuliza jambo moja tu: ni mimi niliyeiweka? Nikasema ndiyo, maana ni kweli niliiweka mimi. Alisimama akingoja niongeze neno. Sikuongeza. Uchumba wetu ukaishia hapo.

Zabibu alipelekwa kwa shangazi yake, kijijini Kalinzi. Baadaye alisomea uuguzi, akaolewa na mtu aliyempenda, na wallahi nilifurahi. Mimi niliolewa na mwingine, mtu mwema, tukazaa. Lakini kwa familia ile nilibaki mwanamke mbaya, msibani hata salamu yangu haiitikiwi. Nilimwomba Zabibu aseme ukweli. Akasema mama yake bado yu hai. Mama alipofariki, akasema, "Kaka atanionaje?" Mwaka huu Zabibu naye amefariki, na hakusema.

Baada ya arobaini yake, Idrisa alikuja kwangu. Mkewe alishatangulia mbele ya haki. Alivua kofia, akakaa barazani.

"Nimekaa na kinyongo na wewe tangu ujana," akasema. "Dada yangu ameondoka, mimi sitaki kuondoka nacho. Nimekusamehe. Na kama uzee wangu haukusumbui, nataka nikuoe."

Nilimkaribisha chai, nikamwambia wazee wake waje wasikie jibu. Ndugu zangu, sijawahi kuacha kumpenda mtu huyu. Lakini nikimwambia ukweli, nitakuwa nimevunja kiapo nilichomwapia marehemu, na yeye akimtaja tu dada yake machozi yanamtoka. Huenda hata asiniamini, kwani Zabibu hayupo wa kuulizwa. Nikinyamaza, nitaingia nyumbani kwake kama mkosaji aliyesamehewa, na kila atakaponitendea wema nitajua anamtendea mtu ambaye si mimi.

Wazee wake wanakuja Ijumaa hii baada ya swala kusikia jibu. Wanangu, na wenzangu mliokula chumvi nyingi, nishaurini: nimwambie, au nife nalo?