Pua ya Mkaguzi

Jumamosi asubuhi mpishi wa chekechea alivaa viatu vyake vya kutembelea, akachukua mifuko yake ya kitambaa, akaanza mzunguko. Supamaketi zilikuwa tatu, na hakununua hata kibiriti kabla hajazipitia zote. Wafanyakazi wote walimjua. Akitokeza mlangoni tu, anayepanga nyanya anamkonyeza anayepanga mikate: "Mkaguzi huyo." Jina likamganda, likatoka madukani likaingia mtaani, na mwishowe hata mumewe, fundi wa majokofu, alimwita hivyo hivyo kwa utani.

Hakuna aliyemwajiri kukagua chochote. Alikuwa anapikia watoto wadogo, wale ambao ukiwapa chakula kibaya hawawezi kukueleza kina nini, wanalia tu. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila aliyemuuliza kwa nini anajitesa.

Kila supamaketi aliipa jina. Ile ndogo ya kwenye kona, ambamo watu wawili wenye vikapu hawapishani bila kuombana radhi, aliiita Chumbani. Ile yenye milango inayofunguka yenyewe aliiita Kioo. Na ile ya mbali, ambayo bidhaa zake zinauzwa zikiwa bado kwenye makatoni, aliiita Ghalani. Ukimuuliza ipi ni nafuu, anakutazama kwa huruma kidogo. "Nafuu ya nini?" Mchele ni Ghalani, lakini usichukue wa rafu ya chini, maana umepakana na sabuni, na mchele hauna msimamo, unafuata harufu ya jirani. Mboga ni Kioo, ila uwahi, kwa sababu mchana wanazinyunyizia maji. Jani linang'aa huku shina limeshakata tamaa. Maziwa ni Chumbani. Bei yao imechangamka kidogo, lakini mwenye duka hazimi friji usiku kubana umeme, na fundi wa hilo friji alikuwa analala kitanda kimoja na Mkaguzi.

Pakiti ya biskuti aliipima kwa kiganja kabla ya kuangalia bei. "Bei imesimama," angesema, "pakiti ndiyo imekonda." Akikuta tangazo la nunua mbili upate ya tatu bure, anaigeuza ile ya tatu kutazama tarehe. Lakini macho na kiganja vilikuwa wasaidizi tu. Mwenye kazi alikuwa pua. Alikuwa anafungua mfuko wa unga kidogo pembeni, ananusa, anajua kama umewahi kulowa. Samaki alimjua kabla hajafika kwenye kaunta. Muuza nyama wa Kioo alikuwa akimwona anakuja anarudisha ndani trei moja, bila kuambiwa, na kutoa nyingine.

Mke wa mwanawe, aliyekuwa akiuza simu mjini na akiishi nao nyumba moja, alimsindikiza mara ya kwanza akajuta. Mama mkwe alipoanza kunusa tikiti maji kwenye kitako, binti akajificha nyuma ya rafu ya soda.

"Mama, watu wanatuangalia."

"Waache watuangalie, mwanangu. Macho hayalipiwi."

Binti hakurudi tena kwenye mzunguko. Lakini alikiri kwa wenzake kazini kwamba tangu aolewe hajawahi kuumwa tumbo.

Kisha yakaja mafua. Yalikuwa mafua ya kawaida, ya kupiga chafya na kulala na shuka hadi kichwani, na Mkaguzi aliyapuuza. Homa ikaisha, kikohozi kikaisha. Asubuhi moja alikuwa anakaanga vitunguu jikoni kwake, akashangaa mbona haviivi. Alipotazama, vilikuwa vimeungua, vyeusi tii, na moshi umejaa mpaka dirishani. Hakusikia harufu yoyote. Akachukua kipande cha kitunguu saumu, akakiponda, akakisogeza puani. Hakuna. Akafungua chupa ya siki, akavuta pumzi hadi machozi yakamtoka. Machozi yalikuja, harufu haikuja.

Akaosha sufuria, akafungua madirisha. Alijiambia ni mabaki ya mafua, kesho itarudi. Kesho haikurudi, wala keshokutwa. Alishindwa kumwambia hata mumewe. Ungesema jambo lenyewe ni dogo, pua tu, lakini yeye alijiona kama fundi cherehani aliyeamka asubuhi hana vidole. Akaendelea na mzunguko wake. Alinyanyua samaki, akamsogeza usoni, akatikisa kichwa kwa uzito ule ule. Watu wakaamini, na nusu yake mwenyewe ikaamini.

Nyama ya watoto hakuilaza. Aliinunua siku ile ile ya kuipika, akielekea kazini. Jumatatu moja alipitia Ghalani, maana nyama ya kusaga ilikuwa imeshuka bei. Akainua trei, akanusa kwa mazoea, akaiweka mfukoni. Rangi ilikuwa nzuri. Akafika jikoni kwa chekechea, chumba cha nyuma chenye meza ya bati na majiko mawili ya gesi, akaunga, akaweka viungo, akafunika. Msaidizi wake, mama mmoja mpole wa umri wake, alikuwa anamenya karoti karibu na mlango. Alikuwa kimya kuliko siku zote.

Mlinzi wa geti akaingia kuomba maji ya moto ya chai. Akasimama mlangoni na kikombe chake, uso umemkunjamana.

"Samahani, akina mama. Humu ndani kuna panya amekufa?"

Mkaguzi akamgeukia msaidizi wake. Yule mama aliinamia karoti yake kana kwamba imeandikwa kitu.

"Na wewe umesikia?"

"Nimesikia, Mama. Tangu ulipofungua mfuko."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani ni mimi. Nikasema, ameinunua yeye, amenusa yeye. Labda pua yangu ndiyo mbovu."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kutukanwa. Alizima jiko, akabeba sufuria kwa vitambaa viwili hadi nje, akamwaga nyama yote kwenye pipa la taka na kulifunika, kisha akarudi akaosha mikono mpaka kwenye viwiko. Siku ile watoto walikula wali kwa mayai ya kuchemsha na karoti, wakafurahi, maana mayai waliyapenda. Aliwatazama wakila mpaka kijiko cha mwisho. Kisha akavua aproni, akaikunja, akaenda nayo ofisini kwa mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu alikuwa mama wa maneno machache aliyeanzisha shule ile sebuleni kwake. Alimkuta anagundisha picha za watoto kwenye kadibodi.

"Mwalimu, pua yangu imekufa," Mkaguzi alisema akiwa bado amesimama. "Ina wiki kadhaa sasa. Nimeficha. Leo nimepika nyama mbovu, na isingekuwa mlinzi, wangeila. Tafuta mpishi mwingine."

Mwalimu mkuu akaweka gundi chini. Hakumkaribisha kiti, na Mkaguzi akajua kwamba amekasirika na ana haki.

"Hapo kwenye kuficha umenikosea," mwalimu alisema. "Sana. Hilo usilirudie."

"Sirudii."

"Sasa kaa. Hospitali umekwenda?"

"Niende nikamwambie daktari nini? Kwamba sisikii harufu ya vitunguu?"

"Ndiyo. Ukamwambie hivyo hivyo. Na aproni uende nayo nyumbani ukaifue, kesho uje nayo."

Daktari hakumcheka. Alimwambia inatokea baada ya mafua, kwamba huenda ikarudi na huenda isirudi, na ajizoeze kunusa vitu anavyovijua kila siku, taratibu, akivikumbuka. Lakini kabla ya kwenda huko, jioni ile ile ya Jumatatu, Mkaguzi alikuwa na pa kupitia. Alikwenda Ghalani akiwa na trei tupu na risiti yake, na mumewe akafuatana naye, akiwa bado na begi lake la vifaa begani.

Meneja wa Ghalani alikuwa kijana mstaarabu mwenye kalamu sikioni. Alipoona risiti akaanza kufungua droo.

"Pole sana, Mama. Nakurudishia pesa yako sasa hivi."

"Sijafuata pesa. Nimefuata friji. Niruhusu niweke mkono."

Wateja wawili watatu waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Meneja akacheka kidogo, halafu akaona hakuna mwingine anayecheka. Wakaenda. Mkaguzi akaingiza mkono kati ya trei za nyama, akautuliza humo. Juu kulikuwa na ubaridi wa kutosha kumdanganya mtu. Chini, nyuma kabisa, kulikuwa vuguvugu kama mfuko wa suruali. Mumewe akapiga goti, akaondoa kifuniko cha pembeni, akamulika kwa tochi. Feni moja ilikuwa imesimama, imevaa vumbi kama sweta.

"Hii haikuanza kusimama leo," fundi alisema.

Meneja aliona aibu ya kweli. "Mama, mimi sikujua. Wewe ulijuaje?"

"Sikujua," alisema Mkaguzi. "Ndiyo maana nimekuja."

Hapo akawaambia, meneja na wale wa kwenye foleni waliokuwa wamesogea, kwamba hana pua tena. Alisema bila kulia na bila kujipamba. "Zamani nisingeinunua. Ningeirudisha kwenye rafu, nikaenda zangu Kioo, nikajiona mjanja. Mara ngapi nimefanya hivyo, sijui. Nimerudisha trei, nimeondoka, na nyuma yangu akaja mzee mwenye mafua, au mtu aliyetoka kazini amechoka, akaichukua. Wao hawanusi. Wanaamini baridi yako."

Meneja hakubishana. Aliita vijana wake wakaleta mapipa, na friji lile likatolewa kila kilichokuwemo mbele ya watu. Fundi alisafisha feni, akaiwasha, ikakataa, akasema atarudi kesho na nyingine. Njiani kurudi nyumbani alimshika mkewe mkono, jambo ambalo hakulifanya barabarani tangu ujana wao.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Halafu ningekupeleka hospitali."

Kesho yake aproni ilirudi jikoni ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi, na pamoja nayo sheria mpya aliyoitunga mwenyewe: hakuna kinachoingia kwenye sufuria mpaka msaidizi anuse na aseme kwa sauti. Yule mama mpole alianza kwa kunong'ona. "Sema, jirani asikie," Mkaguzi alimwambia. Baada ya mwezi sauti yake ilifika getini.

Na Jumamosi, mke wa mwanawe alimkuta sebuleni anavaa viatu, akachukua mfuko mmoja bila kuombwa.

"Leo hutajificha kwenye soda?"

"Sijifichi, Mama. Nipe nisikie mimi, nikuambie."

Haikuwa rahisi. Walisimama mbele ya samaki wa Kioo, binti akanusa, akasema ananuka samaki.

"Samaki yupi? Wa baharini, wa kwenye barafu, au wa kwenye ndoo?"

"Mama, mimi najuaje?"

"Fumba macho. Inakukumbusha nini?"

Binti akafumba macho katikati ya supamaketi, watu wakipita na vikapu. Akakaa hivyo. "Sarafu," alisema. "Kama sarafu uliyoishika kwa muda mrefu."

"Basi mwache. Twende kwa mwingine."

Hivyo ndivyo alivyomfundisha, kwa kumuuliza, na katika kuuliza akagundua kwamba zile harufu zote bado alikuwa nazo kichwani, zimepangwa, hakuna iliyopotea. Unga uliolowa: nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Mafuta ya zamani: kalamu za rangi za watoto. Maziwa yanayokaribia kuchacha: shingo ya mtoto mchanga mchana wa joto. Binti alicheka hadi akashika rafu. Lakini alikumbuka yote, na yeye mwenyewe akaanza kuongeza ya kwake, mengine bora kuliko ya mwalimu wake.

Pua ilirudi kidogo kidogo, tena ikiwa imepinda. Kahawa ilimnukia mpira ulioungua, akaiacha. Ndimu ilirudi vizuri. Nyama hadi leo haisikii sawasawa, na hatangulizi pua yake popote penye nyama, anauliza. Muuza nyama wa Kioo anasema siku hizi ndipo anamwogopa zaidi, kwa sababu zamani alikuwa akinusa tu na kupita, na sasa anakutazama machoni na kukuuliza imefika lini, imekaa wapi, na wewe nyumbani kwako umeinunua?

Mwanzoni mwa muhula mama mmoja kijana, mgeni mtaani, alimleta mtoto wake chekechea. Alipoona menyu imebandikwa ukutani akamsogelea Mkaguzi, ambaye alikuwa anamwaga maganda, akamuuliza kwa adabu: katika hizi supamaketi tatu, ipi ndiyo nzuri?

Mkaguzi akaweka ndoo chini, akajifuta mikono.

"Unataka kununua nini, mwanangu?"

"Vitu vya nyumbani tu. Vya kila siku."

"Vya kila siku ndivyo vigumu," alisema. "Jumamosi una kazi? Kama huna, vaa viatu vya chini."