Pua Iliyolala

Binti yangu aliliulizia koti la babake siku ile ile nilipoona jani la kwanza la manjano limenata kwenye kioo cha basi. Alikuwa amerudi kazini, vidole amevificha ndani ya sweta, akasema kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida yake, kwamba koti zima la sufu linakaa bure kabatini na yeye anatetemeka kituoni kila asubuhi. Nikamwambia angoje. Akauliza angoje nini. Jibu lenyewe lilikuwa la kipuuzi, nami sipendi kuonekana mpuuzi mbele ya mtoto niliyemsomesha mwenyewe.

Ukweli ni kwamba nilikuwa naingojea pua yangu.

Mume wangu alifariki mwaka juzi. Baada ya kutoka eda niligawa nguo zake zote isipokuwa koti hilo. Nilikuwa nimeazimia kulipeleka kwa dobi, lakini nilipoliinamia nikakuta bado lina harufu yake, nikashindwa. Nikalitia kwenye ule mfuko wa plastiki wenye zipu unaouziwa mablanketi, nikaufunga. Siku nikizidiwa nilikuwa naufungua kidogo, navuta pumzi mara moja, kisha naufunga haraka. Halafu baridi iliyopita nikashikwa na homa ya mafua. Homa ikaondoka na harufu zote za dunia. Karafuu, sabuni, mkojo wa paka kwenye ngazi, yote yakawa mamoja. Daktari alisema pua ikipigwa na homa hulala, na ikishalala inaweza kuamka au isiamke, akanishauri nivinuse vitu vikali asubuhi na jioni ili kuikumbusha kazi yake. Nikawa nanusa karafuu, iliki, ndimu na kahawa. Ningenusa vifungo vya shati ingekuwa vile vile.

Tangu hapo mfuko sikuufungua. Niliona harufu ni kitu kinachokwisha, na nikiufungua bure, ile iliyobaki itatoka iende zake bila ya mtu wa kuipokea. Nilikuwa naogopa, tena sana. Sasa baridi inabisha hodi na mtoto anataka kuvaa.

Watu waliniambia nishukuru kuwa ni pua tu, si macho. Waliosema hivyo hawajawahi kukaanga vitunguu vya biriani ya harusi. Mimi ndiyo kazi yangu ya mwisho wa wiki, tangu tuingie katika fleti hii ya Edmonton, huku kwa Waingereza. Watu wa kwetu pwani wakiwa na harusi au hitima hunipigia simu, nami hupika jikoni mwangu, sufuria kubwa zikachukuliwa kwa gari. Na kitunguu cha biriani hupikwa kwa pua. Umelipa jiko mgongo, unachambua mchele, halafu harufu inakugusa begani kukwambia sasa. Ukichelewa kidogo kimeungua, na biriani nzima imekuwa chungu.

Ilinibidi nijifunze upya uzeeni. Nikagundua kwamba kitunguu kina sauti. Kikiwa bado na maji, mafuta yanapiga makelele. Maji yakipungua sauti inakuwa nyembamba. Halafu kinanyamaza kwa ghafla, na hapo ndipo pa kuepua. Miaka yote ile sikuwahi kuisikia sauti hiyo, kwa kuwa pua ilikuwa inawahi. Hakuna mteja aliyelalamika. Mama mmoja wa bibi harusi hata alinisifu kuwa safari hii nimepita kiasi kwa utamu. Nilifurahi, na papo hapo nikaudhika kidogo, kwani pua yangu ilikuwa imeondoka kazini na hakuna aliyeona pengo lake.

Lakini kutosikia harufu kulinifanya niutazame mwezi wa Septemba kwa namna ambayo sikuwahi kuutazama. Siku hizo jua la hapa hushuka chini, na alasiri mwanga wake huingia dirishani mwa jikoni ukafika hadi rafu ya viungo, mahali ambapo kiangazi kizima haufiki. Nilikaa nikaangalia chupa ya manjano na chupa ya pilipili zikiwaka rangi. Pia niliona vumbi, nikalifuta. Bustanini nyuma ya kituo, miti huangusha mbegu za hudhurungi ndani ya maganda ya miba, watoto huziokota kuchezea. Haziliki, lakini ukiitia moja mfukoni inakuwa baridi na laini, na kidole gumba chako hakitaki kuiacha. Nilitembea na yangu mpaka ikasinyaa, nikaokota nyingine.

Na mahindi. Kwenye duka la Waturuki yanarundikwa nje majira haya, yakiwa na maganda yake. Nikawa nayachoma juu ya moto wa gesi, nayapaka ndimu na pilipili na chumvi. Ulimi peke yake unajua chumvi, unajua ukali wa ndimu, na pilipili ndiyo haihitaji pua wala ruhusa ya mtu. Nikala nimesimama dirishani, natazama watu wakipita chini, nusu yao wamevaa makoti na nusu bado wako na shati la kiangazi, kila upande ukiwaona wenzao wamekosea. Nilikuwa sina furaha kubwa, wala huzuni kubwa. Nilikuwa nakula hindi.

Ijumaa moja nikafukiza udi. Kwetu Ijumaa nyumba haikai bila udi, hata kama mwenye nyumba hasikii kitu. Nina chetezo cha umeme nilicholetewa zawadi, lakini sikipendi. Mimi hutumia cha udongo, na kaa naliwasha juu ya jiko. Binti yangu alikuwa kazini. Nikaweka kipande kimoja, nikainama, nikangoja. Kimya. Nikaongeza. Mtu mwenye pua hujua udi umetosha kwa sababu umemtosha yeye. Mimi nilikuwa nalisha moto tu. Nikasema huenda kikizidi kitapenya. Nikaongeza kingine, halafu kipande kikubwa nilichokuwa nakiweka kwa ajili ya Idi. Nilikuwa nimeinama hivyo hivyo, macho yananitoka machozi, king'ora cha moshi kilipolia, si changu tu, na cha ngazini pia, kwani mlango nilikuwa nimeuacha wazi ili mwanga uingie.

Jengo zima likateremka hadi maegesho ya magari. Palikuwa na mtu mwenye povu la sabuni kichwani, kuna aliyebeba paka, na kuna mimi, chetezo mkononi, bado kinafuka. Hapakuwa na haja ya uchunguzi. Nikaomba radhi kwa kila aliyenitazama.

Mzee wa Kihindi anayekaa chini yangu akanijongelea. Miaka yote tulikuwa tukiamkiana kwa Kiingereza cha ngazini, hali ya hewa na takataka, basi. Akanusa hewa, akaniuliza kwa Kiswahili, "Mama, hiyo ni udi ama umechoma kabati?"

Nilicheka mpaka nikaogopa kuangusha kaa. Kumbe alizaliwa Kisumu, na babake alikuwa na duka ambako mwanamke mmoja wa pwani alikuwa akija kununua ubani, na alifukiza vile vile kila Ijumaa. Alidhani sisi wa juu ni Wasomali, nami nilidhani yeye hajui ila Kigujarati. Nikamwambia habari ya pua. Hakunipa pole, wala hakuniambia nishukuru, na kwa hilo nikampenda papo hapo. Nikamwomba aniambie udi wangu unanukiaje. Akafikiri. Akasema ni mzuri, ila ni mwingi. Unafaa kwa mtaa, si kwa nyumba. Tulisimama juani, vuguvugu lile la mwisho ambalo watu wa hapa hulifumbia macho wakainua nyuso, tukaongea mpaka tukaruhusiwa kurudi ndani. Akanionyesha mtufaha ulioko nyuma ya vibanda vya mapipa, ambao hauna mwenyewe. Yeye huyachuma matufaha yake machungu akatengeneza achari; mengine huanguka yakaoza. Mimi nilikuwa nikipita hapo na mifuko ya taka miaka nenda miaka rudi, na sikuwahi kuinua kichwa.

Mtu akikupa achari humrudishii chupa tupu. Aliponiletea yake nikamrudishia chupa ina mchuzi wa ukwaju, akarudisha ina matufaha, na mchezo ukaendelea.

Haukupita muda mrefu, nikateremka asubuhi kutupa taka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na sasa jua limetoka. Nilipofungua mlango wa kibanda kitu kikanigonga katikati ya uso. Kilikuwa kitamu, kichachu, kibovu. Nikasimama. Nikadhani ni akili inanichezea, kwani iliwahi kunichezea kabla. Nikafunua pipa, nikainamisha kichwa. Matufaha yaliyooza, nyigu wawili wamelewa juu yake, na chini yake sijui nini cha watu, kibaya kupita kiasi. Nikavuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Nikavuta tena. Nilikuwa nalia ndani ya pipa la taka.

Yule mzee alikuwa amekuja na mfuko wake. Akanikuta hivyo.

"Mama, umepoteza nini?"

"Nimepata, mzee," nikamwambia.

Baada ya hapo harufu zikarudi mojamoja, bila mpangilio wala adabu. Dizeli ya basi ilitangulia iliki. Udongo wenye maji ulitangulia sabuni. Majani yaliyorundikana ukingoni mwa barabara yalikuwa na harufu ambayo sikumbuki yakiwa nayo zamani, kama ya chai iliyolala kwenye birika, nikawa nayapiga teke kusudi ili yaitoe, mtu mzima mimi. Karafuu ilikuja mwisho, kwa mbali. Ilipokuja nikajua siku imefika.

Nikachagua Jumapili ambayo sikuwa na kazi ya watu. Sikupika asubuhi hiyo. Nilifungua madirisha yote mawili ili nyumba itoe harufu zake, binti yangu akalalamika baridi, nikamwambia avumilie. Nikautoa mfuko kabatini, nikauweka kitandani. Yeye alisimama mlangoni na kikombe chake. Nikavuta zipu.

Udi ulikuwepo, mdogo, kwenye ukosi. Chini yake, pazito, palikuwa na kitunguu kilichokaangwa.

Nikanusa kwapani, nikanusa mikono, nikanusa bitana. Kitunguu. Ile zipu ya kijinga haikuzuia kitu. Jiko langu limeingia ndani ya mfuko, nikasema moyoni, na biriani za watu zimemfukuza mume wangu kutoka kwenye koti lake. Nimelinda mwaka mzima kitu ambacho hakipo. Nilikasirika kiasi kwamba hata machozi hayakuja. Nikamnyooshea binti yangu koti, nikamwambia achukue, avae, limekwisha.

Akaweka kikombe chini. Hakulivaa. Aliutia uso wake ndani ya ukosi, akakaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyotarajia kwa mtu anayejiona hana mambo ya kizamani. Alipouinua uso macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama," akasema, kwa Kiswahili, "hii ndiyo harufu ya Baba."

Kisha akarudi kwenye Kiingereza chake, akanieleza yale ambayo alidhani nayajua. Babake alipokuwa akimfuata shuleni, yeye alikuwa akimjua kwa harufu kabla hajamwona. Watoto wenzake walikuwa wakimcheka. Siku moja alimwomba babake asilitundike koti nyuma ya mlango wa jikoni, kwani ndiko linakoshika vitunguu. Babake akamjibu kwamba msumari ule ni wake, na mkewe akipika yeye anataka kuwa pale. Na kweli, kila Jumamosi alikuwa akisimama mlangoni pale, koti mwilini, akidokoa vitunguu vya wateja kabla ya kwenda kuendesha basi lake. Nilikuwa nampiga mkono kwa kijiko.

Mimi nilikuwa nimesimama ndani ya moshi ule maisha yangu yote. Pua yangu ilikuwa imeshakizoea kitunguu hata haikihesabu tena, kwa hiyo nilipokuwa nikilinusa koti zamani nilisikia ule udi tu, ambao niliufukiza mwenyewe, nikasema huyu ndiye yeye. Ilibidi pua ilale iamke mpya ndipo isikie alivyokuwa siku nyingine zote zisizo Ijumaa.

Jumatatu binti yangu aliondoka nalo. Nilimtazama kutoka dirishani akielekea kituoni, mikono ya koti imemzidi, anapita juu ya majani bila ya kuyatazama. Jioni aliporudi akawa analipeleka kabatini. Nikamwita. Nikamwambia alitundike nyuma ya mlango, kwenye ule msumari, kwa sababu nilikuwa na vitunguu motoni.