Triko la Sandrine kwa Baridi ya Bukavu

Ukungu wa Julai ulipoanza kulala juu ya mto hadi saa tatu asubuhi, Berthe alitoa sindano zake za kufumia akaanza triko, sweta la sufu. Lilikuwa la Sandrine, kitinda mimba wake, aliyepata kazi ya uuguzi huko Bukavu kwenye baridi. Alifuma kwa siri mwezi mzima. Kila asubuhi alimwomba Mungu jambo moja tu: mtoto aondoke Kisangani amevaa kazi ya mikono ya mama yake.

Kufuma alifundishwa na masista, akiwa msichana. Siku hizo baridi ya Julai ilikuwa na heshima yake. Wasichana walivaa triko la vifungo juu ya liputa, kitenge cha kujifunga, na soksi nyeupe ndani ya sandali. Wavulana waliazima makoti ya baba zao kwenda misa ya kwanza, mikono ikiwafunika mpaka vidole. Berthe alikuwa na triko la rangi ya ndizi mbivu, na ni hilo lililomsimamisha Kasongo, kijana wa kwenye meli.

"Nani alikufumia hii?"

"Mimi mwenyewe."

Basi, tangu hapo, kila meli ilipopanda kutoka Kinshasa, Kasongo hakumletea biskuti wala manukato. Alileta madonge ya uzi wa sufu ndani ya kofia yake. Wakaoana. Sasa Kasongo amelala kaburini mwaka wa tisa, Mungu amrehemu, na wasichana wa leo huchagua nguo ndani ya simu.

Jumatatu, siku tatu kabla ya ndege, Sandrine alimwonyesha mama yake hiyo simu.

"Angalia, mama. Mwaka huu koti iko ndefu, inapita magoti. Kola kubwa, mukanda kwa kiuno. Rangi ya chai ya maziwa."

"Na triko?"

"Ah, mama! Triko iko ya ndani, nani ataiona?"

Walikwenda sokoni kwa papa Hemedi, mzee anayetundika makoti ya mitumba. Sandrine alichagua haraka, akajizungusha. Berthe alishika pindo, akalisugua kati ya vidole, akachomoa kauzi kamoja.

"Papa Hemedi, nipe kiberiti."

"Eh, mama Berthe! Unataka kunichomea duka?"

"Kauzi tu."

Kauzi kaliyeyuka kama mfuko wa plastiki. Sufu ya kweli hunuka manyoya ya kuku yaliyoungua.

"Hii ni nailoni. Itamuacha mutoto na baridi."

"Bon," alisema Hemedi, akichekelea, "nilisahau kama wewe uko polisi ya sufu." Akaingiza mkono chini kabisa ya balo la nguo, akatoa koti jingine, refu, rangi ileile. Kauzi kake kalinuka kuku. Sandrine akamkumbatia mama yake mbele ya watu wote.

Furaha hiyo ndiyo iliyompa Berthe moyo. Walipofika nyumbani alitoa triko sandukuni, la buluu, lenye misuko miwili kifuani.

"Vaa, nione."

Kichwa kilipita. Mabega yakakataa. Sandrine alivuta, akajikunja, akabaki mikono juu kama mtu aliyekamatwa.

"Mama, ulipima na nini?"

"Uniforme yako ya shule. Ile iko ndani ya sanduku."

"Ile? Nilikuwa na miaka kumi na tatu!"

Sandrine alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaona mama yake hacheki. Berthe alikuwa anatazama lile triko, na moyoni alifahamu kwamba mwezi mzima alikuwa amemfumia mtoto ambaye hayumo tena nyumbani.

"Weka tu," alisema polepole. "Utampa mutoto wa mutu huko."

Sandrine alitafuta ncha ya uzi kwenye shingo ya triko, akaivuta. Mistari ikaanza kufumuka.

"Unafanya nini?"

"Nifumie ya shingo, mama. Koti bila skafu, mwaka huu, iko nusu."

"Siku mbili? Haitafika mbali."

"Itafika pale itafika."

Akanyoosha mikono yote miwili mbele, bila kuambiwa, na Berthe akaanza kumzungushia uzi. Ndivyo walivyokuwa wakifanya zamani, Sandrine akiwa mdogo, analala kabla uzi haujaisha. Sasa hakulala. Alisimulia habari za Bukavu, vilima vyake, na jinsi anavyoogopa kidogo. Jambo hilo la kuogopa alikuwa hajamwambia mtu.

Berthe alifuma siku mbili, na kila kitanzi cha uzi alikitilia sala. Hata hivyo, Alhamisi skafu ilizunguka shingo mara moja tu, na ncha hazikufika kifuani.

Gari la kwenda uwanja wa ndege lilikuja saa sita, jua kali. Sandrine alitoka uani amefunga koti mpaka kola, skafu ya buluu juu. Jirani yao Falonne aliacha kutwanga sombe, majani ya muhogo.

"Sandrine! Bukavu iko mbali bado! Vua, utaiva!"

"Nikivua, mama atanionea wapi?"

Alisimama palepale, akageuka upande huu, akageuka upande ule, jasho likimtiririka puani. Berthe alimsogelea, akamfuta kwa pindo la liputa yake, akamkazia fundo la skafu. Hakumwambia avue.