Nilivyoufagia muhogo wa nyanya yangu Likoni

Wakuu, salaam nyingi. Mimi humu ni msomaji tu, kuandika naona haya hadi leo na mvi zangu. Lakini haya yamo kwenye daftari langu la siri la Form Two, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Wallahi sijatia chumvi.

Nilikuwa nakaa Likoni na nyanya, mamake mama. Muhogo wake ndio tuliofuturu kila Ramadhani, sisi na majirani.

Masika yakikaribia, akapanda. Katikati ya mistari akatandaza majani makavu na makumbi ya nazi. Machoni mwangu, taka tupu.

Jumamosi wasichana wenzangu wa mjini walikuwa waje kunitembelea. Nikaona aibu. Nyanya alipokwenda matangani, nikafagia shamba zima mpaka mchanga ukang'aa, majani nikayachoma. Daftarini nikaandika: "Leo kwetu kunapendeza."

(Wageni wenyewe hawakuja.)

Ikaja mvua. Siku tatu tu, udongo wa juu ukasombwa, vijiti vya muhogo vikalala chini.

Nyanya akaniita.

"Abee," nikaitika.

"Msomi wangu, ardhi umeivua nguo, mvua ikaikuta uchi." Akacheka, akanipapasa kichwa. Bora angenichapa! Ramadhani tungefuturu nini?

Tukapanda upya. Nikamuuliza, huu udongo nitaulipa vipi? Akasema urudishiwe majani, na matumbo ya samaki yafukiwe chini sana, paka wasiyafukue.

Sasa mimi, nisiyeweza hata kuinua mkono darasani, kila nikishuka feri kutoka shuleni mjini, na sare yangu, nikawa napita kwa wauza samaki kuomba matumbo.

Mzee mmoja wao akapaza sauti: "Bi mdogo, kwenu mna paka wangapi?"

Watu wakageuka. Sijui ulimi niliupata wapi. "Hatuna paka, tuna muhogo!"

"Na muhogo wenu wala samaki?"

"Wala kukushinda wewe!"

Walicheka hao! Tangu siku hiyo akawa ananiwekea kando.

Ramadhani ilipofika, muhogo ulitoka mnene, ukaiva laini. Nyanya akaupika kwa tui zito, akasema bakuli la kwanza nimpelekee mzee wangu wa matumbo.

Magharibi ikaadhiniwa, mzee akaonja.

"Kumbe kweli wala samaki," akasema.

Tangu hapo sijachoma jani, wakuu. Ardhi nayo hula, tena hula kabla yetu.

Haya, semeni: majani ya uani kwenu mnayapeleka wapi?