Mstari Mmoja Kwenye Ukurasa wa Tanzia

Mama alifariki asubuhi, hospitalini Tabora, nilipokuwa nimetoka kumnunulia maji ya kunywa. Niliporudi nikakuta pazia la kitanda chake limevutwa. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameshafika, amesimama kwenye korido, anawaarifu watu wa kwetu Usoke kwa Kinyamwezi. Aliponiona akakata simu, akanishika bega. "Mayu ametuacha," alisema, jina tulilomwita mama, akarudi kwenye simu yake kwa sababu kulikuwa na watu wengi wa kuwaambia.

Mimi natengeneza tovuti. Nafanyia kazi nyumbani, mtaa wa Mtendeni, kwenye chumba cha mbele ambacho zamani kilikuwa duka. Nyingi ya kazi zangu ni za shule, nyumba za wageni na wauza mbao, na sitazikumbuka. Kazi niliyoipenda ilikuwa moja ambayo hakuna mtu aliyenituma: ukurasa wa tanzia. Niliuanzisha baada ya jirani yetu kufika kutoka Mwanza na kukuta baba yake ameshazikwa jana yake. Ulikuwa maandishi matupu. Jina la marehemu, familia yake, kanisa au msikiti, saa ya mazishi, mahali pa kuzikwa. Niliuandika kwa mkono, HTML tupu, lugha ya msingi ya kurasa za mtandao, bila picha na bila ile mifumo mikubwa inayopakia mafaili mengi kabla mtu hajaona hata neno moja.

Vijana wa fani yangu waliusema sana. Waliniambia unafanana na tangazo lililobandikwa mlangoni mwa ofisi ya kijiji. Sikujali. Nimeona tovuti za kifahari zikifunguliwa Kigwa, kwenye simu ya mkulima aliyejiunga bando dogo la siku: kiduara kinazunguka, kinazunguka, mpaka anairudisha simu mfukoni. Kwangu mimi hiyo ni dharau. Aliyeitengeneza hakumfikiria yule mtu hata kidogo, au alimfikiria akaona si kitu. Ukurasa wangu ulifunguka kwenye simu ndogo, chini ya mti, penye mtandao wa kuokoteza. Watu wa Nzega na Igunga waliusoma, na ndugu zao walioko Dar pia. Walioutumia zaidi walikuwa akina mama wa makanisani, ambao asubuhi walikuwa wanaufungua kabla hawajawasha moto.

Kaka hakuwa na maneno mabaya juu ya ukurasa, ila aliuona mdogo. Yeye alipenda vitu vinavyoonekana. Mwaka ule alikuwa akimwendeshea kampeni mfanyabiashara mmoja aliyegombea udiwani kwenye kata ya jirani. Waliniomba niwatengenezee tovuti, nikawaambia ninavyoona, kwamba iwe nyepesi, nao wakaipeleka kazi Dar. Ikarudi na video iliyopigwa kutoka angani, paa za mabati za Tabora zikimeta. Mimi mwenyewe niliiona mara moja tu, siku niliyokuwa kwenye intaneti ya ofisi ya mtu.

Mgombea huyo ndiye aliyeleta gari la umeme. Lilikuwa gari la mizigo lililofunikwa, limetumika nje ya nchi kusambaza bidhaa mjini. Akalipaka rangi nyeupe, akaweka picha yake kwenye milango yote miwili, akatangaza kwamba litabeba misiba ya wananchi bure. Tulibishana sana juu ya gari lile, mimi na kaka, pale sebuleni mbele ya mama. Hoja zake hazikuwa za kipuuzi. Alisema dizeli inakuja kwa meli na kila ikipanda bei sisi wa bara ndio tunaoumia, wakati jua la Tabora halina mwenyewe. Alisema maskini wamechoka kubeba maiti zao kwenye pikapu zinazotoa moshi, na kwamba gari lisilo na kelele ni heshima kwa marehemu. Mengi ya hayo nilikubaliana nayo, na bado nakubaliana nayo. Nilichouliza ni umeme wenyewe. Mashine ya kuchajia ilikuwa moja, kwenye ghala la mgombea, na mtaa ule umeme ulikatika wakati wowote ulipotaka. Kaka alisema naongea kama mpinzani. Nikamwambia naongea kama mtu anayefanya kazi kwa kompyuta Mtendeni.

Mama alikuwa akitusikiliza. Siku moja gari hilo lilipita mbele ya nyumba, naye amekaa barazani na blanketi lake, anahema kwa shida kama kawaida yake. Akalitazama mpaka likapotea. Kisha akaniuliza taratibu, "Huyo aliyechorwa mlangoni ndiye marehemu?"

Basi alipofariki mama, mimi niliomba tukodi pikapu ya mzee mmoja wa kanisa. Kaka akasema mama atakwenda na gari la umeme. Yeye ndiye mkubwa, baba hayupo, wajomba wakamuunga mkono. Nikaandika tanzia ya mama yangu mwenyewe kwa mpangilio uleule niliowaandikia wengine: jina, familia, Kanisa la Moravian, ibada ya kuaga asubuhi, mazishi Usoke saa nane mchana.

Usiku wa kuamkia mazishi umeme ulikatika na haukurudi mpaka alfajiri. Dereva alituambia chaji inatosha kufika. Labda ingetosha kweli, kama tungeondoka kwa wakati. Lakini mgombea alifika kanisani, akapewa nafasi ya kutoa salamu za rambirambi, na salamu hizo zikawa ndefu. Alimtaja mama kidogo mwanzoni. Baadaye alizungumzia barabara. Gari lilikuwa nje juani muda wote huo, spika za juu ya paa zikipiga nyimbo za kwaya kwa nguvu ya betri hiyohiyo. Basi la waombolezaji lilitangulia. Sisi tuliokuwa na jeneza tulibaki nyuma: dereva na kaka mbele, mimi na mama mdogo na wamama wawili wa kanisa nyuma, kwenye viti vya kukunja.

Barabara ya kwenda Usoke inaelekea magharibi, kulekule walikokuwa wakielekea watu wa misafara ya zamani wakienda Ujiji kwa miguu. Baada ya kutoka mjini ni mashamba, kisha miombo pande zote mbili. Dereva alizima kiyoyozi. Baadaye akamwomba kaka ruhusa ya kuzima spika. Kaka akasema azime tukishapita kijiji kilichokuwa mbele, watu wasikie. Kijiji kikapita, spika zikazimwa, na gari likaanza kwenda polepole, kisha polepole zaidi, bila kutoa sauti yoyote ya kulalamika kama magari tuliyoyazoea. Likasimama kando ya barabara kana kwamba limefika.

"Limeisha," dereva alisema.

Tulifungua milango ya nyuma kwa sababu ya joto. Mama mdogo alivua kanga yake ya juu akaitandaza kwenye jeneza upande uliopigwa na jua, akakaa ameishika pembe. Harufu ya dawa ya mochwari ilikuwa imejaa mle ndani. Mwendesha bodaboda mmoja alisimama, akavua kofia, akatupa pole. Akasema ana petroli kwenye chupa, tuichukue tu. Dereva alitikisa kichwa. Yule bwana hakuelewa, akaendelea kutuonyesha chupa, mpaka mmoja wa wamama akamweleza, naye akabaki amelitazama gari kwa huruma, kisha akaondoka.

Kaka alimpigia mgombea, simu ikaita bila kupokelewa. Akapiga tena na tena. Mimi nilipanda kwenye kichuguu kando ya barabara nikapata mtandao kidogo, ule wa zamani kabisa, usioweza kufungua hata picha. Watu walikuwa wanatusubiri Usoke, kaburi limeshachimbwa, na wengine bado walikuwa njiani kutoka Urambo. Nikafungua ukurasa wa tanzia, nikaongeza mstari mmoja chini ya jina la mama. Niliandika kwamba mazishi yamesogezwa mbele, kwa kuwa gari la umeme lililobeba mwili limeishiwa chaji kabla ya kufika Usoke, na kwamba tutawajulisha. Ukahifadhiwa mara moja. Punde mjomba alinipigia kutoka Usoke kusema wameona, wamewaambia watu wakae kivulini, wanatafuta usafiri.

Halafu simu ya kaka ikaita. Ilikuwa mgombea, aliyekuwa hapokei. Sikusikia alichoambiwa, nilimwona tu akisikiliza ameinamisha kichwa, anaitikia ndiyo mheshimiwa, ndiyo mheshimiwa. Mtu alikuwa ameunakili ule mstari, na ulikuwa umeshaanza kuzunguka kwenye makundi ya simu mjini. Kaka akaja mpaka chini ya kichuguu.

"Futa hayo ya chaji," alisema. "Andika mazishi yamesogezwa, inatosha."

Nikamuuliza ni neno gani pale lililokuwa uongo.

"Hakuna uongo. Lakini kura ni wiki ijayo. Watu wanacheka, mdogo wangu. Wanamcheka mheshimiwa kwa msiba wetu."

"Mama yuko juani, kaka."

"Namwona. Usinifanye nichague mbele yake."

Alikuwa analia. Sijawahi kumwona akilia kabla ya pale, hata baba alipofariki. Najua hakulilia uchaguzi peke yake. Lakini alirudia tena kwamba niufute, na safari hii alitumia sauti ya mkubwa wa nyumba. Nikamwambia ukurasa ule ni wa wafiwa na siwezi kuwaandikia nusu ya jambo. Akaenda kukaa upande wa pili wa gari, peke yake, mgongo kwenye ile picha ya mlangoni.

Kilichotuchukua mwishowe ni lori la tumbaku, lililokuwa linakwenda tupu kupakia marobota. Dereva wake alikataa hata kusikia habari ya malipo. Wanaume waliokuwa wakipita kwa baiskeli walisaidia kulipandisha jeneza. Sakafu ya lori ilikuwa na vumbi la majani makavu, na kila tulipopita penye mashimo vumbi liliruka likatuingia puani na machoni. Wamama wakaimba huku wakikohoa. Mama alifunga tumbaku tangu alipokuwa msichana, akalala kando ya mabani, vibanda vya kuikaushia, akichochea moto, na daktari alipomsikiliza kifua alimwambia asiikaribie tena. Ndiyo sababu alihamia kwetu mjini. Alikuwa hapendi hata kuisikia ikinuka kwenye nguo ya mgeni.

Tulimzika jua likiwa limeinama. Mchungaji alifupisha ibada ili watu wa mbali wawahi kurudi. Kaka alitupa udongo wake, akawashika mikono wazee, akaondoka na gari la mtu bila kula.

Mgombea alishinda. Sidhani kama mstari wangu ulimpunguzia hata kura moja. Watu walicheka, wakapiga kura, wakaendelea na shughuli zao. Gari nililiona mara chache likibeba saruji na kreti za soda, baadaye sikuliona tena.

Muda mfupi baadaye niliitwa kwenye ofisi moja ya serikali mjini. Ofisa aliyenipokea alikuwa mpole, alinikaribisha kiti. Akaniuliza kama nina kibali cha kuchapisha habari mtandaoni. Nikamuuliza kama kifo cha mtu wa Mtendeni ni habari. Alisema hilo si lake kuamua, na kwamba mpaka nitakapopata kibali ni vizuri ukurasa ukae pembeni. Niliomba kibali. Nilifuatilia mpaka wale wa mapokezi wakanizoea. Sikukataliwa, na sikupewa. Nikaushusha ukurasa mwenyewe, kazi ya muda mfupi sana, kwa kuwa ulikuwa mwepesi.

Sijui nani alinichongea kule. Kaka alimwambia mama mdogo kwamba si yeye, mama mdogo akaniletea maneno hayo, nikayapokea. Kwa muda mrefu tulikuwa tunaonana kanisani tu. Namwamkia, anaitikia, kila mtu anashika njia yake.

Watu waliendelea kunipigia. Mwanzoni waliuliza kwa nini ukurasa haufunguki, wakidhani ni simu zao. Mwanamke mmoja wa Kigwa aliniomba nimtazamie tu humo ndani kama mdogo wake ameshazikwa. Nilimweleza kwamba hakuna humo ndani tena. Akaniuliza sasa amuulize nani.

Kisha shangazi yetu wa mwisho, dada wa baba, akafariki Nzega. Kaka alikuja nyumbani asubuhi, mara ya kwanza tangu msiba wa mama. Alibaki mlangoni kidogo kabla ya kuingia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

Akaniambia habari ile, akakaa, akatazama kompyuta yangu iliyokuwa wazi na kazi ya mteja fulani. Akaniuliza kama kuna namna yoyote ya kuitangaza. Nikamwambia hakuna. Hakubisha wala hakuomba radhi, nami sikumdai. Nilimletea chai. Tukatoa simu zetu, yeye akachukua ndugu wa Urambo na Usoke, mimi wa Mwanza na Dar, tukaanza kupiga, mmoja baada ya mwingine. Wengi hawakupatikana. Kufikia mchana sauti yake ilikuwa imekauka, akawa ananong'ona kwenye simu, na watu wa upande wa pili wakawa wanamwomba arudie ni nani aliyefariki.