Ngazi Isiyofika Chini

Masereka hakupenda kuitwa fundi. Watu wa bonde la Nyamwamba walimwita hivyo kwa sababu mageti yao yote, kuanzia la kanisa mpaka la baa, yalitoka mikononi mwake. Lakini ukimuuliza mwenyewe, atakwambia yeye ni mpagazi, mtoto wa mpagazi, na kwamba kuchomelea vyuma ni kazi iliyomkuta njiani.

Na kweli ilimkuta njiani. Alikuwa kijana bado, amebeba mizigo ya wageni nyuma ya baba yake, mzee Baluku, walipofika kule juu ambako mwamba unakoma na Nzururu anaanza. Nzururu ndiye theluji, na kwa wazee wetu ni zaidi ya theluji. Ni baba, kwake inatoka mito, na watoto pia. Zamani mtu alitoka kwenye mwamba akaingia kwenye barafu kama anavyovuka kizingiti cha nyumba. Msimu ule barafu ilikuwa imeshuka kidogo, na mgeni mmoja mnene akashindwa kuteremka, akabaki amekaa ukingoni analia kama mtoto aliyenyimwa uji. Wenye kambi ya wapanda mlima wakasema itafutwe ngazi. Masereka akajitolea. Akaenda mjini Kasese kujifunza kuchomelea, akarudi na ngazi fupi ya vipandio vitatu, akaifunga kwenye mwamba kwa bolti.

Baadaye akaitwa aongeze kipande. Akaongeza. Miaka ikapita, akaitwa tena. Kila safari alichomelea kipande karakanani, akakibeba mgongoni kwenye tope linalomeza gambuti hadi magotini, akakiunga chini ya vile vya zamani. Barafu inashuka, ngazi inaifuata. Walipomsifia kazi yake alifurahi kama mtu mwingine yeyote, na hakuna aliyemwona amesimama hata siku moja akajiuliza mwisho wake ni wapi.

Baba yake alikuwa amemfundisha adabu za kule juu: hupigi kelele, hutemi mate, na humnyooshei Nzururu kidole. Ukitaka kumwonyesha mtu, unakunja ngumi ndipo unaelekeza. Masereka alimlea binti yake Kabugho hivyo hivyo. Asubuhi zilizotakata, weupe ulionekana kutoka uani kwao, na mtoto kila aliponyoosha kidole, baba alimpiga kikofi chepesi akamkunja vidole kimoja kimoja. Kabugho alizoea ngumi hata shuleni akawa anaonyeshea ubaoni kwa ngumi, wenzake wakamcheka wee, naye mwalimu akadhani anatishiwa.

Tangu mdogo alikuwa na ombi moja. "Baba, nipeleke nikamguse."

"Miguu yako bado mifupi. Nzururu haendi popote."

Miguu ikarefuka, ikaja karo. Karo ikaisha, ikaja ndoa, kisha mtoto mchanga, na kila mara jibu likawa lile lile, kwamba Nzururu haendi popote. Hebu tazama mambo hayo. Bonde zima lingesema hivyo ningelisamehe, lakini huyu ndiye aliyekuwa akiunga vipande vya ngazi kwa mikono yake! Mkono wake ulijua, ila ulimi ulikuwa bado unaishi enzi za mzee Baluku.

Kilichomzindua ni mkutano. Kijana mmoja wa hifadhi ya mlima alikuja kanisani akaeleza kwamba moshi wa injini za duniani ndio unaopasha hewa joto na kumla Nzururu. Watu wakatikisa vichwa, wakaenda zao. Masereka akarudi karakanani, akaitazama jenereta yake ya dizeli, ile aliyoinunua kwa malipo ya ngazi, akaizima. Akaketi juu ya debe, mikono mapajani. Bwambale, muuza chapati wa jirani ambaye geti lake lilikuwa limefika nusu, akaja kuuliza kulikoni, akaelezwa, akacheka.

"Washa mashine, bwana. Dunia nzima inafuka moshi, unadhani Nzururu anakuangalia wewe peke yako?"

"Hao wengine hawamjui," Masereka akasema. "Mimi namjua."

Bwambale akarudi kwenye chapati zake. Hata hivyo kesho yake jenereta ikanguruma, maana geti la watu lazima liishe, na tumbo nalo halisikilizi mahubiri. Lakini alimwambia mkewe kwamba anaona aibu, na aibu hiyo haikumtoka tena.

Wakati huo macho yake yalikuwa yamekwisha kuharibika. Miaka ya mwanzo alichomelea na miwani ya jua ya mtumba, akijiona maridadi. Sasa kila kitu cha mbali kilikuwa ukungu, na daktari alishasema hayatarudi. Asubuhi alisimama uani na kikombe cha kahawa, akatazama kule kulikokuwa na weupe, asione kitu. Hakujua kama ni macho yake au ni Nzururu, na aliogopa kuuliza. Alimtamani kama mtu anavyomtamani mzazi aliyeko safarini. Kikubwa zaidi alitamani amwonyeshe Kabugho, yeye mwenyewe, kabla kimoja hakijaisha, macho au barafu.

Ndipo wenye kambi wakamwita kwa mara ya mwisho. Safari hii hawakutaka kipande. Walitaka aende akaifungue ngazi, kwa kuwa njia itapita upande mwingine. Jioni ile ile alimfuata Kabugho Kasese anakofundisha, akamkuta anakanda bundu, ugali wa muhogo, akasema bila hata kuketi:

"Jiandae, twende kwa Nzururu."

"Na macho hayo, Baba?"

"Macho utabeba wewe."

Walipanda siku kwa siku, binti mbele, baba nyuma ameshika mkoba wa mgongoni mwa binti. Masereka aliijua njia kwa miguu. Alimwambia hapa kuna mti ulioanguka, na mti ukawepo. Alimwambia hapa kuna daraja, na daraja likawepo. Kabugho alitania kwamba anayeongozwa ni yeye. Mzee akacheka, akachangamka, akawa anasimulia barafu ilivyokuwa ikilia chini ya kiatu, na jinsi ukiishika inavyokuunguza kama sufuria la moto.

Walipofika kwenye mwamba hakutaka asaidiwe. Aliushika ukingo, akageuka, akaanza kuteremka kinyumenyume kama zamani zote, akihesabu maungio kwa vidole: hapa nilikuwa kijana, hapa wewe ulizaliwa, hapa mama yangu alifariki. Akafika kipandio cha mwisho. Akashusha mguu kutafuta barafu. Mguu ukaelea. Akaushusha zaidi, mpaka mikono ikanyooka yote, mguu ukazungukazunguka hewani.

"Baba, umefika?"

"Bado," akajibu. Akaunyoosha mguu mara nyingine, akajibu tena, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Bado, mwanangu."

Alipopanda juu akampisha binti. Kabugho naye akateremka, akaruka pale ngazi ilipoishia, akakuta jiwe tupu, limelowa, limechanjwa mistari kama limeparuliwa. Akalishika kwa viganja vyote viwili. Aliporudi akamwekea baba yake viganja hivyo mashavuni, bado vina baridi, na mzee akavishikilia hapo, machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

Waliketi kupumzika kabla ya kuanza kufungua bolti. Mawingu yakaachana kidogo upande wa pili, na Kabugho akasimama.

"Baba, yupo. Amebaki kidogo."

"Wapi?"

Akakunja ngumi akaelekeza, kama alivyolelewa. Masereka akaifuata ngumi, akaona kijivu kitupu. Akauliza tena wapi, akaambiwa pale, chini ya kilele, kwenye ufa. Lakini ngumi ni pana, na weupe wenyewe ulikuwa mdogo kama kitambaa kilichoachwa kwenye kamba.

Masereka akaushika mkono wa binti yake. Akaikunjua ile ngumi mwenyewe, akakinyoosha kidole kimoja.

"Nionyeshe na hiki."

Mkono wa Kabugho ulikataa kwanza, kisha ukanyooka. Mzee akaegemeza shavu kwenye mkono huo, akatazama kufuata kidole mpaka ncha, na kupita ncha, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Naam," akasema. "Nimemwona."

Wingu lilikuwa limeshafunga. Kabugho hakumwambia. Akakiacha kidole pale pale, mpaka bega likamuuma.